Namba ya Majaribio

Nimechoka, na nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza mbona nimenuna. Sijachoka kwa kulima wala kwa kubeba zege. Nimechoka kwa kukaa. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na kwa karibu mwaka mzima sasa nimeshikwa na moja tu, ya kusimamia mipango ya kuzuia mafuta kumwagika kwenye vituo vya shirika la umeme. Ukimweleza mtu hivyo kwenye sherehe anaitikia kwa heshima, halafu anakumbuka kwamba kuna jamaa yake meza ya pili hajamsalimia. Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani natengeneza simu. Nimemwacha.

Nieleze kidogo, maana bila hivyo hamtanielewa. Kwenye kila kituo cha umeme kuna transfoma kubwa, na ndani ya transfoma mna mafuta ya kuipoza. Mengi. Chini yake limejengwa beseni la zege, ili mafuta yakivuja yakae humo yasitapakae. Sasa mvua ikinyesha beseni linajaa maji, kwa hiyo lazima mtu aje afungue koki, asimame hapo maji yaishe, afunge. Akisahau kufunga, siku transfoma ikivuja mafuta yanapita palepale kwenye koki na kwenda zake. Ndiyo maana sheria inataka kila kituo kiwe na mpango unaosema kuna mafuta kiasi gani, koki iko wapi, yakitoka yataelekea upande gani, na nani aitwe. Mipango hiyo ilikuwa inaozea kwenye majalada. Sisi tulipewa kazi ya kuitia kwenye mfumo wenye ramani, wenye mshale mwekundu unaoonyesha njia ya mafuta, na wenye kengele. Kifaa kilichomo kwenye beseni kikihisi mafuta, meseji inakwenda kwa watu walioandikwa kwenye mpango, mmoja baada ya mwingine, ikianza na aliye karibu zaidi.

Nikisema sisi, msidhani ni jeshi. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la matairi, na tumo watatu: bosi, mimi na feni. Umeme ukikatika, anayepumzika ni feni peke yake.

Upande wa shirika tulikuwa tunashughulika na mkuu wa usalama na mazingira, mtu mnene, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye kola. Mimi nilimbandika jina la Bwana Kesho, kwa sababu ukimwomba kitu chochote jibu lake ni hilohilo. Picha za koki? Kesho. Majina ya walinzi? Kesho, bila wasiwasi. Bosi alinikataza kumwita hivyo, halafu siku moja yeye mwenyewe akapokea simu na kuniambia, "Bwana Kesho anasema yuko njiani." Tukacheka mpaka fundi wa matairi akapanda kuuliza kulikoni.

Kicheko kilikuwa kichache, lakini. Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya mshale. Nilikuwa nimeufanya mshale ufuate ardhi ilivyo, kwa sababu mafuta hayajui kusoma mipaka, yanateremka tu. Kwenye kituo kimoja, kilichopo juu kidogo ya makazi, mshale ulitoka kwenye beseni, ukaingia kwenye mtaro wa mvua, ukapita chini ya uzio, ukateremka mpaka kwenye mfereji wa maji unaopita mbele ya nyumba za watu. Niliitazama ile ramani mara mbili. Mfereji ule naujua. Nyumba ya kwanza kwenye mfereji ule ni ya dada yangu.

Dada ni mkubwa wangu. Shemeji alipofariki alimwachia watoto na mabwawa ya samaki, na mabwawa hayo ndiyo yanayowalisha na kuwasomesha. Pale karibu kila nyumba ina bwawa. Wanaleta maji kwa mfereji huo mmoja, na kila mtu ana mlango wake wa ubao: ukiupandisha maji yanaingia kwako, ukiushusha yanapita kwenda kwa mwenzako. Wanachimba mfereji pamoja, wanapeana zamu, wanagombana, wanapatana. Dada huniambia kwamba kuishi pale bila kuelewana na watu wa mfereji ni sawa na kuishi bila maji.

Nilipomwonyesha Bwana Kesho ile ramani, aliinamia kioo cha kompyuta akakunja uso.

"Huu mshale mbona unatoka nje?"

"Ardhi inateremka, mzee."

"Mafuta yetu hayavuki uzio."

"Mzee, uzio wenyewe ni wa waya," nikamwambia.

Bosi alinikanyaga mguu chini ya meza. Bwana Kesho hakukasirika, na hilo ndilo linalochosha kwake, hakasiriki. Alisema tu kwamba shirika linawajibika kwa eneo lake, nje ya hapo kuna mamlaka nyingine, na mshale unaotoka nje utawatia watu hofu bure. "Ukatie hapo kwenye uzio," akasema, na akagusa kioo kwa kidole, akaniachia alama ya jasho. Nikaukata. Ulikuwa mstari mmoja tu wa programu. Kwenye kioo mshale ukawa unakimbia vizuri, unafika kwenye waya, unasimama.

Mimi lakini nilikuwa nimeshaona ulikokuwa unakwenda. Jumapili ile nilimpigia dada simu nikamweleza. Akasikiliza, akaguna.

"Kwa hiyo siku hayo mafuta yenu yakitoka, yanakuja kwangu?"

"Yakitoka. Hayajatoka."

"Na mimi nifanye nini?"

"Shusha ubao. Maji yasiingie kwako."

Nilihitaji namba ya simu ya kujaribia kengele. Sisi watu wa programu tuna tabia hiyo, unapotaka namba ya majaribio unaweka ya mtu wako, mtu ambaye hata ukimtumia meseji mia hatakushtaki. Nikaweka ya dada. Nilimwambia kila ikija meseji ya mfumo ashuke mpaka mlangoni, ashushe ubao, ajibu TAYARI, nami niangalie inachukua muda gani. Nilihitaji kujua binadamu halisi anachukua muda gani, si kubahatisha ofisini.

Ee, dada yangu huyo! Alilichukulia jambo lile kama mtihani wa darasa la saba. Meseji ikiingia anaacha sufuria jikoni, anaacha mtu akiongea, anakimbia. Halafu ananipigia, anahema.

"Leo umeniona? Nimekuwa mwepesi?"

"Mwepesi sana dada. Unaweza kuajiriwa zimamoto."

"Nyie wasomi mtaniua kwa presha. Mtu mzima nakimbia na kanga mkononi, Mama Mapacha ananiuliza nakimbizwa na nini, namwambia nakimbizwa na mdogo wangu."

Mama Mapacha ni jirani wa bwawa la pili, anayefuata baada ya dada kwenye mfereji. Wameishi ukuta kwa ukuta toka waolewe. Alikuwa anamcheka dada kwa mbio zile, na dada alikuwa anacheka naye.

Sharti jingine lilitoka kwa Bwana Kesho mwenyewe. Alikuja siku moja macho mekundu, akalalamika kwamba wakati wa majaribio kengele imempigia akiwa kwenye mazishi. "Ikishajibiwa na mtu mmoja, inatosha. Mtu mmoja akisema tayari, mfumo unyamaze, msitusumbue wengine."

"Mtu yeyote kwenye orodha?" nikauliza. "Hata jirani?"

"Jirani gani tena? Si tumekubaliana mafuta hayavuki?"

Lakini sheria ilidai mpango uwe na angalau jirani mmoja wa kujulishwa, na mfumo ulikuwa unakataa kukipitisha kituo nafasi ile ikiwa tupu. Nikamwomba majina ya watu wa mfereji na namba zao. Mnajua alichonijibu. Nikamkumbusha kwa barua pepe, nikamkumbusha kwa simu, nikamkumbusha mlangoni akiwa na haraka ya kwenda chooni. Siku ya kituo kile kuingia rasmi kwenye mfumo ikafika, wakubwa wake wanataka kuona kijani kwenye ukurasa wa mbele, yaani kituo kimepita, na ile nafasi haina namba nyingine isipokuwa ya dada.

"Si ipo namba?" akasema.

"Ni ya majaribio, mzee. Ni ya dada yangu."

"Anakaa jirani na kituo?"

"Anakaa, ndiyo."

"Basi ni jirani. Iache. Wengine nakuletea."

Kituo kikageuka kijani. Wakapiga makofi. Mimi nilirudi kwenye vituo vilivyobaki, ambavyo vilikuwa bado kwenye majaribio, na meseji zake zikaendelea kwenda kwenye simu ileile ya dada.

Ilikuwa wiki ya mvua. Mtu mmoja wa zamu kwenye kile kituo alifungua koki kutoa maji kwenye beseni, akaitwa kwenda kushughulikia nguzo iliyoanguka, akaondoka koki ikiwa wazi. Simlaumu sana. Watu wa pale wako wachache na nguzo ni nyingi. Asubuhi ya pili yake mpira wa kuzibia kwenye transfoma ukaachia, na mafuta yakaanza kushuka.

Mimi nilikuwa ofisini, nabishana na bosi kuhusu kijani. Naapa. Shirika lilikuwa limesema kijani chetu kimekolea mno, wanataka kilichopoa. Simu ikaita, ni dada.

"Samahani kukusumbua kazini," akasema. Dada hajawahi kuniomba samahani kwa kunipigia. "Ile meseji ya leo asubuhi ilikuwa ya kweli?"

"Meseji gani?"

"Ya kituo. Nimeshusha ubao, nimekujibu. Sasa Mama Mapacha anapiga kelele, samaki wake wanaelea."

Nilifungua ukurasa wa kile kituo. Kijani. Chini yake kwa herufi ndogo: mafuta yamehisiwa, jirani amejulishwa, amejibu TAYARI, tahadhari imefungwa. Mfumo ulikuwa umefanya kila kitu nilichouambia ufanye. Ulianza na aliye karibu zaidi, akajibu, ukanyamaza kabla ya kuwafikia wengine. Hakuna mtu wa shirika aliyeitwa. Tangu asubuhi mafuta yalikuwa yanateremka na hakuna aliyejua, isipokuwa mwanamke mmoja aliyedhani anacheza na mdogo wake.

"Dada," nikamwambia, "hukuona kwamba haikuandikwa jaribio?"

"Nani anasoma meseji zako? Naona namba, nakimbia."

Nilimpigia Bwana Kesho, nikampigia mtu wa zamu, nikashuka ngazi nikiwa na kiatu kimoja hakijafungwa. Nilipofika kwenye mfereji koki ilikuwa imeshafungwa, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Maji yalikuwa na rangi zile za mafuta, za kung'aa, na harufu ilikuwa inakaa kooni. Bwawa la Mama Mapacha lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. La baada yake hivyohivyo, na la baada ya hilo. Watu walikuwa wamesimama kando na ndoo mikononi, na ndoo hazina kazi. Mzee mmoja alikuwa amekaa tu chini kwenye tope, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Mabwawa ya dada yalikuwa safi. Samaki walikuwa wanaruka kama kawaida, wanasubiri chakula. Hakuna kitu kilichonitia uchungu siku ile kama samaki wale wazima.

Dada alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kifuani. Alikuwa ameshawaeleza. Aliwaambia alidhani ni mchezo, ni majaribio ya mdogo wake wa kompyuta. Hebu jiweke mahali pao. Mafuta yamekuja, bwawa la mtu mmoja tu limepona, mlango wa mtu mmoja tu umefungwa, na huyo mmoja ni dada wa mtu anayefanya kazi na shirika. Na anasema alikuwa anacheza.

"Alijua," nilimsikia mtu akisema, na hakushusha sauti. "Amejifungia, akatuachia sisi."

Mama Mapacha alipita mbele ya dada na beseni lake la samaki wafu, hakumtazama. Dada alinyoosha mkono amsaidie kubeba. Yule akalihamishia beseni upande wa pili, akaendelea na safari yake.

Shirika liliitisha kikao. Watu wa mfereji waliitwa, na mkaguzi wa mamlaka ya mazingira, mama mmoja mkavu mwenye miwani, ambaye hakunywa hata maji waliyompa. Kabla ya kuingia bosi alinivuta pembeni, kwenye korido.

"Nakuomba kitu kimoja," akasema. Alikuwa anaonekana amezeeka. "Onyesha kilichomo kwenye mfumo. Usiongeze neno. Wakituvunjia mkataba huu, mimi na wewe tutauza matairi hapo chini."

"Na dada yangu?"

"Dada yako hajashtakiwa."

Nilikuwa sijalala vizuri tangu siku ile, na kwa kweli nilitaka tu kikao kiishe nirudi nikalale. Nikaingia nikaunganisha kompyuta na ule mtambo wa kuonyeshea ukutani, nikakaa.

Bwana Kesho akasimama. Alizungumza kwa upole wake, akawapa pole watu wa mfereji, akasema shirika limesikitishwa. Halafu akaomba nifungue ukurasa wa tahadhari. Nikaufungua. Akaonyesha ukutani kwa kalamu.

"Kama mnavyoona, mfumo ulifanya kazi. Mafuta yalihisiwa, na ujumbe ukatumwa papo hapo kwa mwakilishi wa jamii, ambaye alithibitisha kuupokea na kuchukua hatua. Kwa maana hiyo jamii ilijulishwa kwa wakati. Kama mwakilishi hakuwaambia wenzake, hilo ni suala la jamii yenyewe."

Mwakilishi wa jamii! Nilisikia viti vikigeuka. Watu wote walimgeukia dada, aliyekuwa amekaa nyuma peke yake, viti vya kushoto na kulia kwake vitupu. Yeye hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, na hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kutafsiriwa alichosikia.

Mkaguzi alivua miwani. "Wewe ndiye uliyeutengeneza?" akaniuliza. "Haya ni sahihi?"

Bosi alikuwa ananitazama, akikunja na kukunjua karatasi. Sijui kama ni ushujaa au ni kuchoka tu, lakini nilishindwa kunyamaza.

"Meseji ilikwenda na ikajibiwa, hilo ni kweli," nikasema. "Mengine ni uongo. Huyu si mwakilishi wa mtu. Ni dada yangu. Namba yake niliiweka mimi ya majaribio, kwa sababu niliomba za majirani na sikupewa. Mzee huyu anajua, nilimwambia kwa mdomo wangu, akasema iachwe. Na hakuna aliyeitwa kwa sababu alitaka mtu mmoja akijibu wengine wasisumbuliwe."

"Lakini dada yako aliwekwa na wewe," Bwana Kesho akasema, bado kwa upole.

"Nimesema ni mimi! Sasa unataka niseme mara ngapi?"

Bosi akafumba macho. Nikaurudisha ule mstari mmoja wa programu, pale mbele ya watu, na mshale ukutani ukavuka uzio. Ukateremka, ukaingia kwenye mfereji, ukapita mlango mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa ramani. Nilidhani nimemwokoa dada. Nilidhani sasa wataelewa.

Mama Mapacha ndiye aliyesimama.

"Hiyo picha," akaniuliza, "uliiona lini kwa mara ya kwanza?"

"Zamani kidogo. Kabla hatujaanza majaribio."

"Kwa hiyo ulijua yatapita kwetu sote."

"Ndiyo, mama."

"Ukampigia dada yako."

Akamgeukia dada, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mafuta akazungumza naye. "Na wewe alikwambia?"

"Aliniambia," dada akasema.

"Nikakuuliza unakimbizwa na nini. Tukacheka."

"Tulicheka," dada akasema.

Mkaguzi alitoa amri zake na zilikuwa za haki. Shirika lisafishe mfereji, lilipe mabwawa, liweke samaki wapya. Mshale usikatwe. Jibu la jirani lisifunge tahadhari. Na kila nyumba ya mfereji iwemo kwenye mpango kwa namba yake. Kuhusu ajira yangu bosi alisema tu, "Kwanza kamilisha hizo namba."

Nilikwenda kuzikusanya mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kuanzia mwisho wa mfereji kupanda juu. Watu walinipa. Hawakunikaribisha ndani, walinisomea namba wakiwa wamesimama mlangoni, tarakimu moja moja, nami nikaziingiza. Mama Mapacha alinisomea yake akiwa anakamua nguo. Alipomaliza akaingia ndani.

Nyumba ya dada ilikuwa ya mwisho. Nilimkuta kando ya bwawa na bakuli la chakula cha samaki, nikamwambia nahakikisha namba yake.

"Yangu ifute," akasema.

"Dada, acha hasira."

"Sina hasira. Hasira nitaipata wapi, nimechoka kama wewe." Alitupa chakula, samaki wakajaa. "Uliniambia yatakuja kwangu. Mimi nikashika hilo la kwangu. Miezi yote ile nashusha ubao, na maji nayaona yanapita kwenda kwa wenzangu, kwa macho yangu, na sikujiuliza hata mara moja. Wanasema nilijua. Unadhani wananisingizia?"

"Ilikuwa majaribio, dada."

"Ndiyo. Na nimefeli." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Futa. Meseji zije kwao. Yakitoka tena, Mama Mapacha akitaka ataniita. Sauti inafika."

"Na asipokuita?"

"Basi yataingia."

Nilimbishia. Nilimwambia ni mjinga, nilimtajia watoto, nililia kidogo, sioni aibu kusema. Dada yangu akishaamua hageuki. Nikaifuta namba mbele yake, maana alitaka aone.

Amri ilitaka tufanye jaribio moja la wote kabla ya kituo kurudi kazini. Nilisimama juu ya mfereji na simu yangu, nikatuma. Nilizisikia simu zikiita kushuka mteremko, nyumba hadi nyumba, kila moja na mlio wake. Watu wakatoka. Mbao zikashuka moja baada ya nyingine, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyecheka. Mama Mapacha alitoka mbio, akashusha wake, akasimama akishika kiuno.

Dada alikuwa mlangoni pake. Simu yake ilikuwa kimya. Alikuwa ameona kila kitu kama nilivyoona mimi, alijua saa yenyewe ndiyo ile, lakini aliushika tu ubao kwa mikono miwili, haushushi, na uso wake alikuwa ameuelekeza kwa Mama Mapacha, akingoja aitwe. Maji yalikuwa yanaingia kwake. Mama Mapacha alimwona. Kisha Mama Mapacha akageuka, akarudi ndani.

Nilimsogelea dada nikamwambia jaribio limekwisha, auache ubao. Hakuuacha.

"Hilo lilikuwa la kwanza," akasema. "Tuma jingine."

Nikatuma.